Aliyeponywa Haogopi Kupimwa

 

Nawasalimu ninyi nyote mnaofuatilia ukurasa huu, mlioko hapa Garissa mjini, mlioko Dadaab, Wajir, Mandera na Ijara, na ninyi mliohamishwa kikazi mkarudi bara lakini bado mnakula Neno pamoja nasi. Leo ujumbe wangu ni mrefu, na una ukali kidogo. Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujaandika lolote hapo chini.

Ujumbe wenyewe ni huu: mtumishi anayemwambia mgonjwa wa akili atupe dawa zake ili aonyeshe imani, anamjaribu Mungu kwa kutumia mwili wa mtoto wa mwenzake. Usiite hiyo imani. Usiite hiyo upako. Ni dhambi, na kanisa likinyamaza, kanisa limeshiriki.

Kwa nini nasema haya wiki hii? Kwa sababu Jumatatu nilipokea ujumbe wa simu kutoka kwa mama mmoja wa ushirika wetu, naye ameniruhusu nieleze bila kutaja jina. Kijana wake alianza kuugua akiwa kidato cha nne. Kwa miaka mitatu sasa amekuwa akidungwa sindano kila mwezi, na kwa miaka hiyo mitatu amekuwa akifungua kibanda cha kuuza simu na kukifunga mwenyewe jioni. Kisha akaja mhubiri mgeni kwenye krusedi. Akamwita kijana mbele, akamwombea, akatangaza kwamba yuko huru, akamwonya mama asimrudishe kliniki kwa sababu kurudi ni kumfungulia pepo mlango. Kijana akakosa sindano ya kwanza. Akakosa ya pili.

Mama akaniandikia: "Pastor, mtoto amechangamka, hata ule mtetemeko wa mikono umeisha. Lakini usiku namsikia anaongea peke yake. Nikimrudisha kliniki nitakuwa nimemkosea Mungu?"

Nilimpigia simu saa hiyo hiyo. Nikamwambia: mama, mpeleke kesho asubuhi, na ukirudi tutaomba pamoja. Alimpeleka. Namshukuru Mungu kwa mama yule, kwa sababu aliuliza. Wengi hawaulizi. Kwa hiyo leo nakujibu wewe ambaye una swali kama lake na unaogopa kuliuliza.

1. MBONA ANAONEKANA AMEPONA WIKI YA KWANZA?

Hapa ndipo wengi tunanaswa, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Dawa hizi zina kazi mbili mwilini. Ya kwanza ni ile tunayoitaka. Katika ubongo kuna kemikali inayoitwa dopamini. Kwa mtu mwenye skizofrenia, kemikali hiyo hufanya kazi kupita kiasi katika sehemu fulani za ubongo, na mtu anaanza kusikia sauti ambazo wewe huzisikii, na kuamini kwamba jirani anamtilia sumu kwenye chai. Dawa inaipunguza makali. Kazi ya pili ni ile tusiyoitaka: usingizi, mikono kutetemeka, mwili kukakamaa, mate kutoka, unene.

Sasa mtu akiacha dawa, ni nini kinachoondoka kwanza? Mara nyingi ni ile kazi ya pili. Usingizi unapungua, mikono inatulia, uso unachangamka. Ugonjwa wenyewe hausimami mlangoni siku hiyo. Unaweza kuchukua wiki, unaweza kuchukua miezi. Na kama alikuwa anadungwa ile sindano ya mafuta, kama Modecate, dawa huachiliwa mwilini polepole sana. Ndiyo maana inadungwa mara moja kwa wiki kadhaa. Mtu akikosa miadi, dawa ya mwezi uliopita bado iko ndani yake inamshikilia.

Umeelewa jambo hilo, mpendwa? Kijana anasimama jukwaani kutoa ushuhuda, watu wanapiga vigelegele, mhubiri anapokea sadaka ya shukrani, na wakati huo huo ile dawa anayoilaani ndiyo bado inamfanyia kazi kijana!

Halafu krusedi inaisha. Hema linakunjwa, vipaza sauti vinapakiwa kwenye lori, mtumishi anavuka daraja la Tana anarudi kwake. Miezi mitatu baadaye kijana hajalala siku nne, ameacha kuoga, anamwona mama yake kama adui. Mhubiri hayupo. Kamera haipo. Aliyebaki ni mama na majirani wenye kamba. Na ukimpigia mhubiri simu, jibu lake unalijua: "Mlipoteza uponyaji kwa kukosa imani." Yaani sifa ni zake, na hasara ni ya mama!

Nisikuache na maneno matupu. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchunguzi uliokusanya majaribio 65, yenye wagonjwa zaidi ya 6,000 wa skizofrenia waliokuwa wametulia kwa dawa. Wengine waliendelea na dawa, wengine wakapewa kidonge kisicho na dawa. Katika muda wa karibu mwaka mmoja, walioendelea na dawa walirudiwa na ugonjwa 27 katika kila 100. Walioachishwa walirudiwa 64 katika kila 100. Zaidi ya mara mbili.

Soma hesabu hiyo kwa uaminifu. Haisemi dawa ni muujiza, maana hata walio kwenye dawa wapo waliorudiwa. Wala haisemi kila anayeacha ataanguka ndani ya mwaka, maana wapo ambao hawakuanguka. Ndiyo maana utasikia shuhuda za watu walioacha wakabaki salama, na sikuambii kwamba wanasema uongo. Lakini wewe mzazi huwezi kujua mtoto wako yuko kundi gani kwa kumtazama usoni wiki moja baada ya maombi. Mhubiri naye hajui. Anacheza kamari, na mtoto anayewekwa rehani ni wako.

2. MINYORORO ILIKUWA YA NANI?

Fungua Marko 5. Yule mtu wa makaburini, ambaye wahubiri wa "tupa dawa" wanampenda sana. Tunamhubiri kila krusedi. Lakini umewahi kujiuliza ni nani aliyemfunga minyororo?

Si Yesu! Ni watu wa kijiji. Walimfunga mara nyingi, akaikata. Yesu alipofika hakuomba pingu mpya. Na alipomaliza kazi yake, ishara tatu zilionekana: mtu ameketi, amevaa nguo, ana akili zake timamu. Kisha akatumwa nyumbani kwa watu wake.

Sasa chukua ishara hizo tatu uzilete hapa kwetu. Kuna vituo vya maombi nchini ambako mgonjwa anafungwa mnyororo kwenye mti kwa jina la Yesu. Shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti Oktoba 2020 kuhusu watu wanaofungwa minyororo kwa sababu ya ugonjwa wa akili katika nchi karibu 60, na Kenya yetu imo. Hapa kwetu Dadaab, mpiga picha Robin Hammond aliwahi kumpiga picha kijana aliyefungiwa na familia yake ndani ya kibanda cha mabati kwa muda wa miaka. Kibanda cha mabati, katika joto hili! Siihukumu familia ile. Walikimbia vita, hawakuwa na daktari, na walihofia asidhuriwe au asidhuru mtu. Walifanya walichojua.

Lakini mimi na wewe tunajua zaidi. Kabla ya mwaka 1952 dunia nzima, hata Ulaya na vyuo vyake vikuu, haikuwa na dawa ya maana ya kutuliza wazimu. Hospitali zilikuwa na kuta, kamba na milango ya chuma. Mathari ya Nairobi, iliyoanza mwaka 1910, ilikaa miaka zaidi ya 40 bila dawa hata moja ya aina hii, kwa sababu hazikuwapo. Mwaka 1952 madaktari Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, walianza kuwapa wagonjwa chlorpromazine, ile tunayoijua kwa jina la Largactil. Watu waliokuwa wakipiga kelele na kujiumiza wakaanza kutulia, kuvaa nguo, kuzungumza. Baadhi yao wakarudi nyumbani.

Ameketi, amevaa, ana akili zake, amerudi kwa watu wake. Mpendwa, ukiona dawa inamfanya mtu hivyo, na kituo cha maombi kinamfanya alale uchi kwenye mnyororo, ni kipi kati ya hivyo viwili kinachofanana na kazi ya Yesu wa Marko 5? Jibu mwenyewe.

3. "LAKINI PASTOR, HAYA NI MAPEPO"

Mimi ni Mpentekoste. Naamini mapepo yapo, naamini jina la Yesu linayatoa, na wanaonijua wanajua siombi kwa sauti ya chini. Lakini siamini kwamba kila ugonjwa wa akili ni pepo, na simwachi mtu aniambie kwamba nikisema hivyo nimepinga Biblia.

Nenda Mathayo 4:24. Orodha ya walioletwa kwa Yesu inawataja wenye pepo, kisha wenye kifafa, kisha waliopooza. Mathayo angetaka angewaweka wote kikapu kimoja. Hakufanya hivyo. Utanitajia yule kijana wa Mathayo 17 aliyekuwa na kifafa na pepo pamoja. Sawa, yupo. Kwa hiyo mara nyingine yako pamoja, mara nyingine hayako, na hiyo ni sababu ya kupima, si sababu ya kukisia.

Na hata ukiamini kuna pepo, niambie: pepo gani anaogopa haloperidol? Kama sauti zinanyamaza mtu akimeza kidonge na zinarudi akikosa kidonge, basi kuna jambo linalotokea katika nyama ya ubongo. Ubongo ni kiungo. Kongosho likishindwa kutoa insulini hatusemi ni pepo la sukari, tunampeleka mama kliniki na tunamwombea. Presha ikipanda tunameza dawa kila asubuhi, hata wachungaji, na tunahubiri vizuri tu. Wapo waumini wanaoishi kwa ARV na leo wanaona wajukuu. Mbona kichwa peke yake ndicho kinanyimwa dawa?

Wala tusijidanganye kwamba hili ni tatizo la makanisa pekee. Majirani zetu Wasomali wana neno waali kwa wazimu, na kule kambini wana neno buufis kwa ile hamu ya kwenda ng'ambo inayomjaa mtu mpaka inamvuruga kichwa. Nao wana walio na hekima miongoni mwao, wanaomsomea mgonjwa kisha wanamwambia aende hospitali, na wana wanaomfungia na kumpiga. Hekima na ukatili havijui dini. Nasi mji wetu umebeba mengi. Makanisa yalishambuliwa Julai 2012, na tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa chuo kikuu. Sisemi kila ugonjwa ulitoka huko. Nasema tu kwamba mji uliozika namna hiyo haustahili kumdhihaki mtu kwa sababu akili yake imechoka.

4. "DAWA ZINAMFANYA KAMA MAITI ANAYETEMBEA"

Hoja hii naiheshimu, kwa sababu mara nyingi ni kweli, na wanaoitoa wameona kwa macho yao. Mtoto aliyekuwa mchangamfu sasa anatembea kama roboti, anatokwa mate, analala mpaka saa sita mchana, ananenepa. Wanawake wengine hedhi inavurugika. Wanaume wengine wanashindwa katika ndoa na wanaona haya kusema, basi wanaacha dawa kimyakimya. Mchungaji asiyejua haya hana haki ya kukwambia umeze tu.

Lakini dawa ya matatizo hayo ni kurudi kwa aliyeiandika na kusema wazi. Dozi inaweza kupunguzwa. Dawa yenyewe inaweza kubadilishwa, kwa maana zipo nyingi: haloperidol, risperidone, olanzapine na nyingine, na mwili unaokataa moja unaweza kuipokea nyingine. Kutetemeka na kukakamaa kuna dawa ya kukutuliza, kama benzhexol ambayo wengi mnaiita Artane. Ni haki yako kumuuliza daktari au muuguzi: hii ni dawa gani, ya nini, mpaka lini, na nikiona nini nirudi haraka? Akikujibu kwa ukali, uliza tena. Ni haki yako.

Na haya yaandike mahali. Shingo ikipinda au macho yakigeukia juu na kukwama, nenda hospitali siku hiyo hiyo, inatibika. Mtu akipata homa kali, mwili ukakakamaa kama mti na akachanganyikiwa, usingoje kesho, usiite maombi ya mnyororo kwanza. Mpandishe gari. Omba njiani.

5. "MUNGU HAPONYI NUSU"

Hezekia aliugua kufa. Mungu mwenyewe, kwa kinywa cha Isaya, alimwahidi miaka 15 zaidi. Ahadi haikuwa na shaka. Kisha Isaya akafanya nini? Akaagiza uletwe mkate wa tini upakwe kwenye jipu (Isaya 38:21). Nabii mwenye ahadi mkononi aliagiza dawa! Je, Isaya alikosa imani? Paulo, ambaye kupitia mikono yake wagonjwa waliponywa, alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake na maradhi yake ya mara kwa mara (1 Timotheo 5:23). Hakumwambia apande mbegu. Na mwenzake wa safari alikuwa Luka, ambaye Wakolosai 4:14 inamtambulisha kwa kazi yake: tabibu.

Utaniambia, je, yule mama aliyetokwa na damu miaka 12, aliyemaliza mali yake kwa matabibu? Ndiyo, yupo. Lakini angalia kwamba Yesu hakumkemea kwa kwenda kwa matabibu. Na leo ukihesabu vizuri, utaona wako akina mama wengi wanaomaliza mali zao kwa wahubiri.

Sasa nenda Luka 4, juu ya kinara cha hekalu. Yule mwovu anamwambia Yesu ajitupe chini, na analo andiko la kuunga mkono! Yesu akakataa, kwa sababu huko ni kumjaribu Mungu. "Tupa dawa uone Mungu atakavyofanya" ni sauti ya kinara cha hekalu, hata ikisemwa kwa kipaza sauti na kwa lugha ya rohoni. Na heri yule mwovu, maana alimwambia Yesu ajitupe mwenyewe. Hawa wanatupa watoto wa wengine.

6. NENDENI MKAJIONYESHE

Hapa ndipo moyo wa ujumbe wangu. Luka 17. Wakoma kumi wanapaza sauti, Yesu anawaagiza waende wakajionyeshe kwa makuhani. Kwa nini makuhani? Kwa sababu kwa torati, Walawi 13 na 14, kuhani ndiye aliyekagua ngozi na kutangaza kwamba mtu ametakasika anaweza kurudi nyumbani. Yesu, mwenye uwezo wote, alipeleka uponyaji wake ukakaguliwe!

Uponyaji wa kweli hauogopi kupimwa. Unaogopa kupimwa uponyaji wa jukwaani.

Kwa hiyo ukiamini Mungu amemgusa mwanao, nitashangilia pamoja nawe. Kisha nitakwambia: mpeleke kwa daktari akamtazame. Mwambie daktari, "Tumeomba, na tunaona mabadiliko. Je, tunaweza kupunguza dozi?" Daktari atamtazama, atauliza, na akiona inafaa atapunguza kidogo kidogo, kwa miezi, huku akifuatilia. Kama Mungu ameponya, muda utaonyesha na daktari mwenyewe atakuwa shahidi. Kama bado, mtoto atakuwa mikononi mwa mtu anayejua la kufanya. Katika njia hii Mungu hapungukiwi na kitu. Anayepungukiwa ni mhubiri asiyeweza kungoja.

7. TUMEJIFUNZA NINI SHAKAHOLA?

Mwaka 2023 nchi hii ilifukua miili zaidi ya 400 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Paul Mackenzie ameshtakiwa, na mahakama ndiyo itakayosema neno la mwisho. Lakini Kenya nzima ilisikia mahubiri ya aina ile: shule ni mbaya, hospitali ni mbaya, chakula ni kizuizi cha kumwona Bwana.

Wachungaji wengi tulisema, "Yule si mwenzetu." Sawa. Basi tuthibitishe. Hakuna anayeanzia msituni. Mtu anaanzia kwenye sentensi ndogo: "Ukiwa na imani huhitaji hospitali." Ukiisikia sentensi hiyo kwenye madhabahu yoyote, hata yangu, inuka utoke.

8. KANISANI KWETU TUTAFANYA HIVI

Kwanza, hakuna mtu atakayeambiwa aache dawa ya akili kwenye madhabahu yetu. Mgeni akisema hivyo, nitachukua kipaza sauti.

Pili, hakuna mnyororo, kamba wala kiboko kwa jina la maombezi. Hakuna.

Tatu, mwenye ugonjwa huu hataitwa kwenye kesha la usiku kucha. Kukosa usingizi kunaweza kuwasha moto upya, hasa kwa mwenye baipola. Tutamwombea mchana, kisha akalale. Eliya alipochoka mpaka kutamani kufa, malaika alimpa chakula na usingizi kabla ya kumpa safari (1 Wafalme 19).

Nne, kufunga. Ndugu zangu, Garissa joto hupita nyuzi 35. Baadhi ya dawa hizi, pamoja na Artane, hupunguza jasho, na mwili unashindwa kujipoza. Anayemeza lithium akikosa maji, dawa inaweza kupanda kwenye damu ikawa sumu. Kwa hiyo, wewe uliye kwenye dawa hizi, hutafunga bila maji, na hutafunga kabisa bila kuuliza daktari. Funga simu, funga mitandao, funga hasira. Bwana anaona.

Tano, miraa. Vijana, hapa sitazunguka. Dawa inapunguza makali ya dopamini, miraa inayaongeza. Huwezi kufunga mlango kwa mkono mmoja na kuusukuma kwa mwingine. Ukitafuna usiku na kudungwa asubuhi, usilaumu sindano.

Sita, nauli. Rahisi sana kumwambia mtu "nenda hospitali" katika nchi ambayo hospitali kuu ya akili, Mathari, iko zaidi ya kilomita 350 kutoka hapa, na kwa mtu wa Mandera ni safari ya karibu kilomita elfu moja. Dawa nazo mara nyingine hazipo kliniki, na kununua ni pesa. Kuanzia mwezi huu sehemu ya sadaka ya huruma itakwenda kwa nauli na dawa za wagonjwa wa akili, na wazee wawili watakuwa wanakumbusha familia tarehe za sindano kama tunavyokumbushana tarehe za harusi. Familia ya Kiislamu jirani ikikosa nauli, nayo ni jirani. Msamaria hakuuliza dini.

Na wewe unayesoma haya ukiwa ndiwe mgonjwa, nina neno lako. Kumeza kidonge chako asubuhi ukasema "asante Bwana" ni ibada kamili. Hujapungukiwa imani. Hukulaaniwa. Uimbe kwaya, ufundishe shule ya Jumapili, uoe au uolewe ukipata mtu wa kukupenda na kumweleza ukweli. Na kama uliacha dawa kwa sababu mtumishi alikuambia, usijifiche kwa aibu. Usimeze dozi mbili ili kufidia. Rudi kliniki kesho, useme ukweli ni lini uliacha, nao watakuanzisha vizuri.

Na wewe mtumishi mwenzangu unayenisoma ukiwa umekasirika, karibu tuzungumze. Lakini nina swali moja kwako. Siku utakayosimama mbele za Mchungaji Mkuu, na akakuuliza yuko wapi kijana yule uliyemwambia atupe dawa, utasema nini? Utamwonyesha video?

TUOMBE

Baba, kwa jina la Yesu, tunawaleta mbele zako wote ambao akili zao zimejeruhiwa, walio Garissa, Wajir na Mandera, walio kambini na walio vibandani. Vunja minyororo iliyowekwa na mikono yetu. Wape madaktari na wauguzi wetu hekima na uvumilivu. Fanya dawa zipatikane kliniki, na nauli ipatikane nyumbani. Mponye unayemponya leo kwa neno, mponye unayemponya polepole kwa kidonge, na wote wawili wakurudishie wewe utukufu. Zifunge midomo inayowadanganya wanyonge. Na utupe sisi kanisa upendo wa kukaa na mgonjwa hata baada ya hema kukunjwa. Amina.

Kama una mtu nyumbani aliyeacha dawa, usiandike jina lake hapa hadharani. Nitumie ujumbe wa faragha, au uje ofisini baada ya ibada, mimi na mke wangu tutakusindikiza kliniki. Wengine wote, sambazeni ujumbe huu, hasa kwenye lile kundi lenu la maombi ambalo mnajua linauhitaji.

Mungu awabariki.

Ni mimi mchungaji wenu, Garissa.